Louis Braille, mtoto wa mshona matandiko

Ninyi watoto mmekwisha kumwona fundi wa viatu sokoni. Ameketi juu ya kigoda, kiatu kiko katikati ya magoti yake, na mkononi ameshika chuma chembamba chenye mpini wa mti. Chuma hicho huitwa msharasi. Ncha yake ni kali kupita mwiba. Fundi hukibonyeza katika ngozi, ngozi yatoboka, naye apitisha uzi. Habari ninayowasimulia leo yaanza na chuma cha namna hiyo, katika karakana ya fundi mmoja wa Ufaransa, mwaka 1812.

Fundi huyo aliitwa Simon-René Braille. Alikaa katika kijiji cha Coupvray, kilometa kama 40 kutoka mji wa Paris, upande wa mashariki. Siku zile hapakuwa na motokari wala gari la moshi. Watu walisafiri na kulima kwa nguvu za farasi. Kwa hiyo kila mwenye farasi alihitaji tandiko, hatamu na mikanda ya ngozi, na vitu hivyo vilitoka mikononi mwa Simon-René. Alikuwa fundi mwenye sifa. Hakuwa tajiri, lakini alikuwa na nyumba yake ya mawe na shamba la mizabibu, na jamaa yake haikulala njaa. Mkewe aliitwa Monique. Mungu aliwapa watoto wanne. Wa mwisho, Louis, alizaliwa tarehe 4 Januari 1809, wakati kaka yake na dada zake wawili walikuwa wakubwa tayari. Mwajua jinsi kitinda mimba anavyopendwa nyumbani.

Louis alipenda kukaa karakanani. Harufu ya ngozi, sauti ya nyundo, vyuma vingi vilivyopangwa mezani, vyote vilimvuta. Alipokuwa na miaka mitatu, siku moja alitwaa chuma chenye ncha na kipande cha ngozi, akataka kutoboa kama alivyomwona baba yake akifanya. Aliinama karibu sana ili aone vizuri. Chuma kiliteleza juu ya ngozi, kikamchoma jicho.

Wazazi walifanya yote waliyoyaweza. Jicho lilifungwa kitambaa, mganga aliitwa. Lakini wakati ule hakuna mtu aliyejua kwamba uchafu usioonekana ndio unaoozesha kidonda, wala hapakuwa na dawa ya kuuzuia. Jicho lile lilikufa. Tena jambo baya zaidi likafuata: ugonjwa ulihamia katika jicho la pili lililokuwa zima. Siku kwa siku Louis aliona kidogo zaidi, mpaka alipotimiza miaka mitano hakuona kitu. Husimuliwa kwamba mwanzoni hakufahamu yaliyompata, akawa anauliza mara kwa mara kwa nini kunakuwa giza siku zote. Fikirini baba na mama waliopaswa kujibu swali hilo, hasa baba, ambaye kila asubuhi alipaswa kurudi katika karakana ile ile na kushika vyuma vile vile.

Sasa nawaeleza jinsi vipofu walivyoishi katika nchi hiyo, maana bila hayo hamtafahamu walichokifanya wazazi hawa. Mtoto kipofu wa mtu wa kawaida alikuwa na njia moja tu mbele yake: kuombaomba. Aliketi mlangoni pa kanisa au kando ya barabara, akanyosha mkono. Katika mwaka 1771, sokoni Paris, watu walikusanya vipofu kadhaa, wakawavika nguo za kuchekesha na miwani mikubwa ya bure, wakawapa vyombo vya muziki wasivyojua kuvipiga, na mbele yao wakaweka karatasi za nyimbo ambazo hawakuweza kuzisoma. Mji mzima ulikuja kuwacheka. Kama Simon-René angemweka Louis kando ya barabara na bakuli, hakuna mtu kijijini ambaye angemlaumu.

Kulikuwa na njia nyingine, nayo yaonekana kuwa nzuri kumbe ni mbaya: kumketisha mtoto pembeni, kumlisha, kumvika, kumfanyia kila kitu, asiguse chochote asije akaumia tena. Wazazi wenye huruma huipenda njia hiyo. Nami sithubutu kuwahukumu, kwa sababu aliyeungua moto huogopa hata majivu. Lakini jamaa ya Braille hawakuifuata.

Baba alimchongea fimbo. Kwa fimbo hiyo Louis alijifunza kuijua nyumba, halafu ua, halafu njia za kijiji, akipapasa mbele yake na kuhesabu hatua. Ninyi mwaweza kudhani kwamba ni mchezo. Mimi mwenyewe nilijaribu mara moja, nikafunga macho kwa kitambaa na kutoka chumbani kwangu nikitaka kufika kanisani. Nilifika kwenye banda la mbuzi. Yeye alijikwaa, akaanguka, akainuka, akaendelea kesho yake, na watu wa nyumbani walimwacha ajikwae. Kumwacha mtoto ajikwae ni kazi ngumu kwa mama kuliko kumbeba.

Tena walimpa kazi. Alikuwa na zamu zake nyumbani kama mtoto mwingine yeyote. Na huko karakanani, mahali pale pale pa msiba, baba alimfundisha kukata na kusokota matamvua ya ngozi ya kupamba hatamu za farasi. Matamvua hayahitaji macho, yahitaji vidole tu. Hivyo vidole vya Louis vilianza kuwa hodari, na fundi alipouza hatamu, kazi ya mtoto wake kipofu iliuzwa pamoja nayo.

Haya yote hayakutendeka katika amani. Mwaka 1814 majeshi ya nchi za kigeni yaliingia Ufaransa kumshinda mfalme Napoleon, na kwa muda wa miaka miwili hivi watu wa Coupvray walilazimishwa kuwapokea askari nyumbani mwao na kuwalisha. Walikuja kundi baada ya kundi. Walitwaa mkate, majani ya farasi, wanyama. Nyumba ya Braille haikusalimika. Louis alikuwa na miaka mitano, ndiyo kwanza giza limefunga kabisa, na mlangoni zikaingia sauti za watu asiowajua, wasemao lugha asiyoisikia kamwe. Jamaa waliokuwa na askari wa kuwalisha wangeweza kusahau mafunzo ya mtoto kipofu. Hawakusahau.

Mwaka 1815 Padri mpya alifika Coupvray, jina lake Palluy. Aliona akili ya mtoto huyo, akaanza kumfundisha mwenyewe: dini, na habari za viumbe, jinsi ya kutambua maua kwa harufu na ndege kwa sauti. Baadaye Padri alimwomba mwalimu wa kijiji, kijana aliyeitwa Bécheret, ampokee Louis shuleni pamoja na wenye macho. Mwalimu alikubali. Louis alisikiliza, akashika yote kichwani, akawa miongoni mwa wa kwanza. Lakini wenzake walipofungua vitabu, yeye alikaa mikono mitupu.

Hapo baba alifikiri tena kama fundi. Husimuliwa kwamba alitwaa ubao, akapigilia misumari ya kazi yake, ile yenye vichwa vya mviringo, akiipanga kwa umbo la herufi: A, B, C. Louis alipapasa vichwa vya misumari, akajua herufi. Simon-René hakuwa mtu wa vyuo, wala hakuna mtu aliyemwonyesha jambo hilo. Alitumia alichokuwa nacho mezani.

Lakini ubao wa misumari si kitabu. Wazazi na Padri waliona kwamba kijiji kimefika mwisho wa uwezo wake. Huko Paris kulikuwa na shule moja iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto vipofu. Mwanzilishi wake, Valentin Haüy, ndiye yule mtu aliyeona mzaha wa sokoni mwaka 1771 akaudhika kwa ajili yao. Bwana mkubwa wa Coupvray, aliyeitwa d'Orvilliers, aliandika barua ili Louis apate nafasi bila malipo. Nafasi ikapatikana.

Msidhani kwamba wazazi walifurahi tu. Walikuwa wametumia miaka saba kumzoeza mtoto wao kila jiwe la kijiji, na sasa walipaswa kumpeleka mahali ambapo hajui hata jiwe moja, akae na watu wasiomjua. Alikuwa na miaka 10. Tarehe 15 Februari 1819 baba alipanda naye gari la farasi, wakaenda Paris, na jioni baba alirudi peke yake.

Shule ile ilikuwa katika nyumba ya zamani sana, yenye kuta za unyevu, giza na baridi. Kwa giza watoto hawakujali, lakini unyevu uliingia vifuani mwao. Vitabu vilikuwepo, ila vichache: Haüy alikuwa amebuni kuchapa herufi za kawaida kwa kuzisukuma zitoke juu ya karatasi nene, ili vidole vizifuate. Herufi zilikuwa kubwa, vitabu vizito kama mawe, na mtoto alipofika mwisho wa sentensi alikuwa karibu kusahau mwanzo wake. Tena kusoma aliweza, lakini kuandika hivyo kwa mkono wake hakuweza. Ni kama mtu anayeruhusiwa kusikia lakini asiruhusiwe kujibu.

Mwaka 1821 shule ilipata habari za mtu mmoja aliyewahi kuwa askari, Charles Barbier, ambaye alibuni maandishi ya nukta zilizotobolewa, zikatoka upande wa pili wa karatasi kama vinundu vidogo. Louis alipapasa nukta hizo, akatambua mara moja kwamba kidole huijua nukta upesi kuliko mstari. Lakini aliona pia kasoro. Alama moja ya Barbier iliweza kuwa na nukta 12, sita kando ya sita, ikawa ndefu kupita ncha ya kidole. Ilipasa kupapasa juu na chini. Zaidi ya hayo, alama hizo ziliandika sauti tu. Hazikuwa na herufi halisi, wala hesabu, wala nyimbo.

Louis alikuwa na miaka 12. Alianza kazi usiku, wenzake walipolala, na kila likizo alipopanda gari kwenda Coupvray alichukua karatasi zake pamoja na chuma chake kidogo cha kutobolea. Nyumbani hawakumzuia. Hewa ya kijiji ilimtengeneza kifua, mama alimlisha, naye aliketi uani akitoboa. Baba yake alitoboa ngozi ndani, mtoto alitoboa karatasi nje. Kwa muda wa miaka mitatu aliendelea hivyo. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, kazi ilikuwa tayari.

Nitawaonyesha, maana jambo lenyewe ni rahisi, na ndiyo sababu ni kubwa. Chukueni mayai sita, yapangeni mawili mawili, safu tatu kutoka juu hadi chini. Hizo ndizo nukta sita. Ukiacha nukta moja tu, ile ya juu upande wa kushoto, umeandika a. Ukiongeza iliyo chini yake, umeandika b. Ukiacha mbili za juu, ya kushoto na ya kulia, umeandika c. Kwa kubadilisha hivi na hivi zapatikana alama 63, zikatosha kwa herufi, tarakimu, vituo, hata nyimbo na kinanda. Kila alama yaenea chini ya ncha ya kidole kimoja bila kukisogeza. Neno baba lina nukta sita tu kwa jumla; neno mama lina nukta nane. Herufi w haikuwamo mwanzoni, kwa sababu Wafaransa hawaitumii sana, ilitiwa baadaye. Ni bahati yetu, kwani Kiswahili bila w tungewaweka wapi watu?

Anayeandika kwa mkono hutoboa kwa nyuma ya karatasi, kutoka kulia kwenda kushoto, halafu huigeuza na kusoma kutoka kushoto kwenda kulia. Jaribuni kwa mwiba na karatasi nene, ila mwiba uwe mbali na macho.

Mwaka 1828 Louis alianza kufundisha katika shule hiyo hiyo, na mwaka uliofuata kitabu chake cha kueleza nukta kilichapwa. Alikuwa pia mpiga kinanda, akapiga katika makanisa ya Paris. Baba yake aliishi kumwona akiwa mwalimu, akafa mwaka 1831. Alipoona kwamba mwisho umekaribia, alimwandikisha mtu barua kwa mkuu wa shule, Bwana Pignier, kumwomba asimwache kamwe mwanawe. Louis alikuwa mtu mzima wa miaka 22, mwalimu mwenye mshahara. Lakini baba alikuwa bado anamtafutia fimbo.

Pignier alimsaidia Louis kadiri ya uwezo wake. Shida ni kwamba wakubwa wengi, ambao wana macho, hawakupenda maandishi wasiyoweza kuyasoma wenyewe. Walisema kwamba yatawatenga vipofu na watu wengine. Mkuu aliyemfuata Pignier mwaka 1840 aliyazuia nukta darasani kwa muda. Wanafunzi waliendelea kuandikiana kwa siri. Nadhani ndiyo mara moja tu katika habari za shule ambapo watoto walikosa utii kwa kuandika kupita kiasi. Mwaka 1844, nyumba mpya ya shule ilipofunguliwa, nukta zilionyeshwa hadharani mbele ya wageni: mtoto mmoja aliandika yaliyosomwa kwa sauti, na mwingine aliyekuwa nje aliitwa akayasoma kwa vidole bila kukosea.

Louis alilifikiri pia lile neno la kutengwa. Kipofu ambaye mama yake yuko kijijini, atampelekeaje barua, kama mama hajui nukta? Ilimpasa kumwomba mwenye macho aandike, na mambo ya moyoni hayasemwi mbele ya mwandishi. Kwa hiyo mwaka 1839 alitoa njia nyingine, ya kuandika herufi za kawaida kwa kupanga nukta nyingi ndogo ndogo, hata mwenye macho azione na kuzisoma. Rafiki yake Foucault, naye kipofu, alitengeneza mashine ya kuziandika upesi. Watu wanaozungumza juu ya Louis Braille huisahau kazi hiyo. Mimi naipenda, kwa kuwa naona ndani yake mtoto aliyekaa Paris akifikiri watu wa nyumbani. Tena ule ubao wa misumari wa baba yake ulikuwa nini, kama si herufi za wenye macho zilizopangwa kwa nukta?

Unyevu wa nyumba ya kwanza haukumwacha. Tangu alipokuwa na miaka 26 hivi, kifua kikuu kilimshika. Alitema damu, akaacha kufundisha, akaenda Coupvray kupumzika, akapata nguvu kidogo, akarudi, na hivyo hivyo kwa miaka mingi. Alikuwa na sanduku dogo aliloagiza lichomwe bila kufunguliwa baada ya kufa kwake. Husimuliwa kwamba rafiki zake hawakuweza kujizuia. Walilifungua, wakakuta karatasi za madeni ya wanafunzi vipofu aliowakopesha fedha, ambazo hakutaka wadaiwe. Kisha walizichoma kama alivyotaka.

Alikufa Paris tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Magazeti hayakujali. Jamaa yake walimleta Coupvray, wakamzika. Miaka miwili baadaye, yaani 1854, nukta zake zilikubaliwa rasmi katika Ufaransa, na mwaka 1878 mkutano wa watu wa nchi mbalimbali huko Paris ulizichagua kwa ajili ya vipofu wa nchi nyingi. Leo zatumika duniani kote, na Kiswahili pia huandikwa kwa nukta hizo.

Mwaka 1952, miaka 100 baada ya kufa kwake, serikali ya Ufaransa ilitaka mwili wake ulale Paris, katika jengo la Panthéon wanamozikwa watu wakuu wa taifa. Watu wa Coupvray hawakupenda kumtoa wote. Walipatana: mwili ulikwenda Paris, lakini mikono yake ilibaki kijijini, katika makaburi yale yale ya zamani. Nyumba ya Simon-René nayo bado ipo, na wageni huingia kuitazama. Karakana imewekwa kama zamani, mwanga waingia dirishani, na juu ya meza ya kazi vimepangwa vyuma vya kukatia na kutobolea ngozi.